Chai ya mama leo asubuhi

Huu ni mwaka wa 3 tunaishi mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Maji ya bomba nilishayazoea.

Mama kafika jana usiku kutoka Bukoba. Asubuhi nikamwandalia chai. Akanyanyua kikombe, akakitazama, akakirudisha mezani taratibu. Juu utando, chini chembe nyeupe zimetuama.

"Mwanangu, hiki ndicho mnachokunywa kila siku?"

Nikafungua birika la umeme. Ndani kote ukoko, mgumu kama ganda la yai.

Nikamweleza: maji yetu ya bomba hutoka visimani, nayo hubeba madini ya kalisiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba, ukiyachemsha chokaa inajitenga na kuganda. Ndiyo hiyo iliyoziba shawa, ikaua hita. Na madini hayo hayo ndiyo yanayofanya maharage yagome kuiva.

Nikatia siki na maji, nusu kwa nusu, nikachemsha, nikaacha saa nzima. Ukoko ukameguka wenyewe.

Lakini kilichonigusa ni mikono ya mama. Alisugua sabuni kwa maji hayo hayo, akasugua tena, povu hakuna. Akabaki anatazama viganja vyake. Kwake anakinga maji ya mvua, sabuni kidogo tu na povu linajaa.

Nimeumia, jamani. Mgeni wangu mpenzi, hata kunawa kunamshinda.

Wenzangu wa Dodoma, sare nyeupe za shule mnazifuaje zisigeuke kijivu?

Na mnaokinga mvua, tangi la lita ngapi linatosha watu 5? Nataka mvua za Desemba zinikute nimeshafunga mifereji.