Mistari ya ubavuni mwa binti yangu
Jana jioni, nikimwogesha binti yangu hapa Kirumba, nilifuatisha kwa kidole mistari ya kahawia iliyopindapinda ubavuni mwake, ambayo majirani waliwahi kuihusisha na uchawi. Daktari alitueleza kwamba hakuirithi kwetu: yai lililorutubishwa liligawanyika kuwa seli 2, kisha 4, kisha 8, na baadaye seli moja ikakosea kunakili DNA yake, kosa ambalo kila seli iliyotokana nayo ililibeba, huku nyingine zikibaki salama. Kosa likitokea mapema huenea sehemu kubwa ya mwili. Likichelewa hubaki kipande kidogo. Mistari yenyewe hufuata njia zilizopitiwa na seli za ngozi mtoto akiumbika. Mke wangu, aliyejilaumu miaka 3 kwa sangara aliowala akiwa mjamzito, alilia kwa faraja.