Kibarua tu, ila ratiba ya lori ilibadilika

Niko Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu, nachambua parachichi kwenye pakihausi, yaani ghala la kuchambua na kupaki matunda. Kibarua wa msimu, cheo sina, hata lile koti jeupe la masupavaiza sijawahi kulivaa. Msimu wa juzi tulikuwa tunatoka saa nne usiku, mvua ya huku mnaijua haina adabu, bodaboda hamna, kisa lori likija na mzigo mbovu kuchambua kunakula muda mara mbili. Na maneno kila siku ni yale yale, wavunaji wazembe, wakulima wajanja, nao wakulima wakirudishiwa rijekti, yaani matunda yaliyokataliwa, wanasema sisi ndo tunawaibia.

Nilianza vibaya, nilijifanya mhubiri. Kikao cha asubuhi nikanyoosha mkono nikasema jamani tubadilike, tukiendelea hivi soko litatukataa. Kuna mama mmoja yuko pale kabla yetu sote, akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani, "We mtoto, cheo umepewa lini?" Watu walicheka mpaka machozi. Nikakaa kimya wiki nzima, na kusema ukweli mama alikuwa na haki, tatizo lenyewe nilikuwa silijui, nilikuwa nimechoka tu.

Nikanunua kauntabuku kwaya mbili na boksi la chaki. Lori likishusha naandika kwenye kreti herufi ya kituo cha kukusanyia matunda ilikotoka, halafu muda wa chai wenzangu wakinywa mimi nachukua kreti 5 za kila kituo nahesabu rijekti na sababu yake. Kwa wasiojua, Hass, hiyo aina ya parachichi, inakatwa kwa mkasi na kuachwa na kipande kifupi cha kikonyo. Ukilivuta tunda kwa mkono kikonyo kikang'oka pale juu panabaki kidonda, uozo unapitia hapo hapo, na kwa vile haliivi likiwa mtini, linaivia safarini au kwa mnunuzi, leo unaliona zuri kumbe huko mbele litakutia aibu. Kikonyo kirefu nacho kinachoma wenzake kwenye kreti. Lililodondoka chini halichanganywi na mengine. Lililosahauliwa juani linaungua ganda.

Wiki ya pili daftari likaanza kuongea. Kituo kimoja karibu rijekti zote hazina kikonyo, sawa, hao ni wavunaji. Ila kile cha mbali kabisa, ambacho ndo tulikuwa tunakitukana kuliko vyote, vikonyo vyao safi, shida yao ni jua. Nikamfuata dereva, nikampa shikamoo yake kwanza ndo nikauliza, akacheka, "Mwanangu, pale kivuli hamna, wao asubuhi na mapema kreti zishapangwa barabarani, mimi naanza na vituo vya karibu kwao nafika saa tisa." Yaani makosa ya kwetu, na msimu mzima tunatukana wenzetu!

Hapa ndo palikuwa na kazi. Ningelisema kikaoni supavaiza angeaibika mbele ya watu, na ratiba ya lori anapanga yeye. Nikamvizia anakula maandazi peke yake nikamwambia kaka, kuna kitu nimekihesabu, naomba uniangalizie labda nimekosea. Akageuza kurasa dakika kama kumi hasemi neno. Kesho yake akatangaza lori litaanza na kituo cha mbali, eti "nimefanya utafiti". Nimefanya! Roho iliniuma nisidanganye, nilienda kununia chooni. Ila lori liliondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Yule mama nilimfuata kwake Jumapili baada ya kanisa, na ndizi zangu mkononi, nikamwomba awafundishe wageni kuchambua maana vidole vyake vinajua tunda lililoanza kulainika kabla macho hayajaona, mimi hilo siliwezi. Akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, mwanangu, kumbe unajua kuomba. Toka siku hiyo nikichelewa chaki anashika yeye, na jina la "meneja wa chaki" ni yeye alilileta likaenea.

Wale wa vikonyo tukawapigia simu, kumbe watu sita mkasi mmoja, sasa mtu ataacha kuvuta kwa mkono? Safari hii supavaiza aliniita mwenyewe, tukaandika maombi, ikaja mikasi mitatu. Kreti 5 zao zilizokuwa zinanipa rijekti 60 na kitu mwisho wa msimu zilikuwa kwenye 20 hivi, na sisi saa moja jioni tushanawa mikono. Kuna kituo kimoja nimeshindwa kabisa, wanavuna mvua ikinyesha, wanasema wakisubiri pakauke mnunuzi mwingine atapita, na siwezi kuwalaumu, ada za watoto hazisubiri jua.

Hela yangu ya siku haijapanda hata mia. Mwezi uliopita nikamwambia supavaiza basi hata muda ninaokosa chai uhesabiwe, akasema andika barua. Nimeandika, nikaambatanisha kurasa za daftari. Ni kopi lakini, daftari lenyewe liko kwangu chini ya godoro.