Kwani mlikuwa hamna haraka?

Binti wa kaka, yule wa Tabata, kaniuliza swali Jumamosi, na mpaka leo halijanitoka. Nimemaliza kumweleza jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, linavyowashwa, akanitazama: "Shangazi, kwani mlikuwa hamna haraka?"

Haraka tulikuwa nayo, mwanangu. Jiko ndilo halikuwa nayo. Unapandisha tambi, unaziwasha moja moja kuzunguka, unarudisha makopo yake yenye matundu, unayazungusha kidogo mpaka yakae sawa, kisha unasubiri moto wa njano ugeuke bluu. Ukibandika sufuria mapema, inajaa masizi na chai inanuka mafuta ya taa. Likifuka moshi, tazama tambi: kuna moja imewazidi wenzake. Liache lipoe, zivute kwa waya, kata vichwa vilivyoungua, zote zilingane. Moto ukirukaruka na kutatarika, mafuta yana maji. Na halizimwi kwa kupuliza. Unashusha tambi, unangoja. Kuongeza mafuta jiko likiwa la moto ndiko kulikochoma watu.

"Kwani mlikuwa hamna haraka?" Hakusema kwa dharau, ndiyo maana linachoma. Ukaguzi ofisini umekwisha, mama karudi salama kutoka Muheza, mimi bado nabishana na mtoto kichwani.

Tena wengi hawakuliacha jiko lile kwa kupenda usasa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili wachakachuaji wasipate faida ya kuyachanganya na dizeli. Wachakachuaji walikuwa na malori. Aliyeumia ni mama wa kununua kwa chupa dukani.

Jana nikamgeuzia kibao. Ukisikia harufu ya gesi jikoni? "Nafungua dirisha, Shangazi." Nikacheka mpaka hasira ikayeyuka.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Dirisha pekee halitoshi, fungua mlango. Funga mtungi, na swichi usiiguse, hata ya kuzima taa. Kutafuta panapovuja, paka povu la sabuni kwenye regulata, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi, na kote kwenye mpira wa gesi. Panapovimba mapovu ndipo penyewe. Kiberiti usikisogeze. Kujua iliyobaki, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha papasa kushuka: panapoanza ubaridi, gesi inaanzia hapo. Mwenye mizani apime, atoe uzito wa mtungi mtupu, ambao umegongwa kwenye chuma chenyewe. Mtungi wa kilo 6 haukuagi. Unakatika maharage yakiwa nusu.

Akaandika yote kwenye simu, akauliza mpira hubadilishwa lini. Ukishaanza kupasuka au kukakamaa, nikamwambia, usingoje uvuje.