Gari la jirani limeingia ukutani

Asubuhi hii gari la jirani limeserereka mteremkoni bila dereva, likagota kwenye ukuta wa uzio. Hakuna aliyeumia, ashukuriwe Mungu.

Breki ya mkono ilikuwa imevutwa! Diski za breki zikiwa za moto, zikipoa husinyaa, mbano unalegea, gari linaanza kutambaa. Ndiyo maana kwenye mteremko gia huachwa imeingia na tairi zikageuzwa kuelekea ukingo wa barabara.

Kabla ya kulisogeza, picha kwanza: za mbali, kisha za karibu, namba ya gari ionekane, rula kando ya ufa. Bima ya jirani muulizeni mapema kama inagusa mali, si majeruhi tu. Vipande msitupe mpaka mkadiriaji wa bima aje.

Pigo liko chini, lakini ufa umepanda kama ngazi, ukifuata viungo vya saruji hadi tofali la juu kabisa. Nimeuwekea alama ya penseli kwenye ncha, na tarehe. Ufa ukiivuka alama hiyo, ukuta bado unatembea.

Timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, inaonyesha ukuta umeinama sentimita 2. Moyo unadunda kila mtoto akipita karibu.

Mafundi, huu mngeuegemeza kwa nguzo au mngeubomoa leo leo?