Muhali wa ofisini

Wiki nzima hili jambo la muhali, ile haya ya kumwambia mtu ukweli usije ukamuudhi, limenikaa kifuani, leo nimetoka kusali Ijumaa nimekaa barazani nikaona bora niliandike tu.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye hoteli moja huko shamba, upande wa kaskazini, jina lake naliacha. Nilikuwa stoo na manunuzi. Pale jikoni kwenye mlango wa chumba cha baridi kulibandikwa fomu kwa selotepu, kila baada ya saa nne mtu apime joto, aandike digrii, atie sahihi. Samaki wabichi wanatakiwa wakae chini ya digrii 5. Sasa ile fomu ukiisoma utaona 4, 4, 4, 4, mwezi mzima, sahihi za watu watatu lakini mwandiko mmoja na kalamu moja, na kipima joto chenyewe kilikufa betri tangu kabla ya Ramadhani.

Sote tukijua. Mie nikijua, na mie ndo mtu wa kununua betri, nikiomba naambiwa subiri bajeti, nikachoka kuomba.

Kulikuwa na mpishi mmoja mtu mzima tukimwita Mjomba. Asubuhi akifungua ule mlango alikuwa anasimama kwanza, anavuta pua, kisha anamchukua nguru anamfunua mashavu anatazama rangi, anambonyeza kwa kidole gumba, halafu anasema "huyu mweke kando". Sijapata kumuona akiitazama fomu hata siku moja. Kwa hiyo hoteli ile ilikuwa na kweli mbili, ya pua ya Mjomba na ya karatasi, na iliyokuwa ikifika ofisini kwa wakubwa ni ya karatasi peke yake.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao. Bosi anafunga laptop yake anauliza, jamani kuna tatizo lolote? Kimya. Feni inazunguka. Mtu mmoja anasema "hamna bosi, mambo mazuri tu", tunakwenda kunywa chai. Na wallahi yule bosi hakuwa mtu mbaya, mama yangu alipolazwa alinipa pesa za dawa mfukoni mwake na hajanidai mpaka leo, sasa mtu kama yule unaanzaje kumwambia mbele za watu kwamba ripoti anazopeleka kwa wenye hoteli ni uongo? Unaona muhali.

Hili neno nimelifikiria sana. Muhali tumelelewa nao, na mtaani ni jambo zuri. Mbuzi wa jirani akila mchicha wako unanyamaza, maana kesho yeye ndo atakaebeba jeneza la baba yako, na mchicha ni wako, una haki ya kuusamehe. Lakini ofisini tunasamehe mchicha wa nani? Ile haki ya kula samaki asiyeharibika si yangu wala si ya bosi, ni ya yule mgeni aliyekaa mezani hajui kitu, na ni ya kijana wa usafi anaekula mabaki jikoni saa tisa mchana. Mie nimemstahi bosi kwa mali ya watu wengine. Hapo ndo muhali unapoacha kuwa wema, unakuwa wizi, na tunauita adabu.

Tumesoma vyuoni tangu wadogo, anaeona ovu alibadilishe kwa mkono wake, akishindwa kwa ulimi, akishindwa basi kwa moyo wake na huo ndo udhaifu zaidi wa imani. Maofisini ngazi ya mwisho tumeifanya ya kwanza. Tunachukia kwa moyo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, tunarudi nyumbani tumechoka.

Na wala si sisi tu. Tarehe 28 Januari 1986 Marekani walirusha chombo cha anga, Challenger, kikasambaratika baada ya sekunde 73, watu 7 wakafa wote. Usiku wa kuamkia siku ile mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walisema kwenye simu kwamba mipira ya kuzibia maungio inakakamaa kwenye baridi, tusirushe. Wakubwa wao wakajitenga kujadiliana, na mmoja akaambiwa avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Akaivua. Mpira lakini haujali umevaa kofia gani. Na hapa kwetu Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba imepakia watu kupita uwezo wake kwa mbali, na meli haijai kwa siri jamani, inajaa mbele ya macho.

Turudi kwenye fomu, maana hapa ndo panaponiuma. Mwezi mmoja wa Februari, joto lile la kaskazi, kompresa ikafa usiku. Asubuhi samaki wote na pweza wameharibika, harufu imefika mpaka mapokezi. Likaitwa baraza la kuchunguza, afisa utumishi akaibandua ile fomu mlangoni akaiweka mezani kama ushahidi. Fomu inasema digrii 4 mpaka alfajiri. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, kwa hiyo kuna mtu aliacha mlango wazi, kwa hiyo ni kijana wa stoo aliyekuwa zamu. Uongo wetu wa kila siku, tuliouona mdogo usiomdhuru mtu, ndo uliomfukuzisha kazi aliye mnyonge kuliko sote. Alinitazama. Mie ndo nilomfundisha kuijaza ile fomu.

Sikusema kitu. Mjomba peke yake alisema "mashine hiyo ina mwezi inalia", akaambiwa mzee ngoja kwanza, hayakuandikwa.

Yule kijana nilimfata kwao baadae nikamuomba radhi, akanisamehe haraka mno, na hilo nalo sikulipenda kwa sababu nilijua ananionea muhali.

Sasa niko kazi nyingine, kuna binti wa mafunzo kaletwa kwangu. Juzi nikampa kipima joto, betri mpya, akaingia akatoka kakishika kinasoma 9. Hakuandika. Akanitazama usoni, akaniuliza, "Niandike ngapi kaka?"

Nikamwambia andika tisa. Akaandika, mkono wake mzito kidogo, kisha akauliza sasa tunampigia nani.