Nilivyopata ugumu unaofaa wa semele za miguu yangu

Hapa Goma mtu akiumwa kisigino anaambiwa neno moja tu: tafuta semele laini (semele ni soli ya ndani ya kiatu). Ushauri huo unanikera sana. Mimi ninatengeneza semele za kupimisha, nazivaa pia, na najua kwamba ulaini unaousikia kwa kidole sokoni hauna habari na mguu uliobeba kilo 80. Sifongo ile ukiikanyaga inalala yote, na mguu unabaki palepale ulipokuwa.

Mguu wangu ni bapa wa kulegea: nikikaa upinde wa wayo unaonekana, nikisimama unapotea. Mguu kama huo unataka kitu cha kuusukuma. Mwenye upinde wa juu uliokakamaa ni kinyume chake, maana mguu wake haumezi kishindo, na semele ngumu kupita kiasi itamuumiza kwenye mawe ya volkano ya mitaa yetu. Uzito nao uhesabiwe pamoja na mzigo. Mama anayebeba gunia la makala (makaa) mgongoni kila siku asipimiwe kama mtu wa kilo 60 eti kwa sababu mizani imesema hivyo.

Tabaka la juu la semele ni povu la EVA, aina ya plastiki nyepesi, na ugumu wake hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A: karibu 25 ni laini, 35 hadi 45 ni ya kati, 50 kwenda juu ni ngumu. Rangi haionyeshi kitu. Muuzaji akikosa kipimo, bonyeza kwa ukucha, uone shimo linarudi upesi kiasi gani. Lisiporudi, povu limechoka, liache.

Ganda la chini, yaani sehemu ngumu inayobeba upinde, nalitengeneza kwa plastiki ya polipropileni, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukitoka milimita 3 kwenda 4, ugumu unazidi mara mbili na zaidi. Kwa hiyo fundi anayesaga kidogo chini ya upinde ili semele iingie kwenye kiatu anaiua kabisa. Afadhali utafute kiatu chenye kina zaidi kwa ndani.

Sasa, kujua kama ganda linakufaa, mimi natumia unga wa ngano. Nakanda kidonge kigumu kama cha mandazi, natia mafuta kidogo, nakifunga kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, kisha nakiweka kati ya ganda na soli ya kiatu, chini kabisa ya kilele cha upinde. Kidonge kizidi kidogo nafasi iliyopo; kwangu ilikuwa milimita 14. Kikiwa laini mno kitakimbilia pembeni, kikiwa kigumu mno kitabeba ganda na kukudanganya. Navaa, natembea mwendo wangu wa kawaida, napanda na kushuka ngazi nikiwa na mzigo. Halafu natoa kidonge taratibu, nakikata katikati kwa wembe na kupima unene uliobaki. Ganda la milimita 3 liliniachia 5 tu, yaani lilikuwa linalala chini yangu. La milimita 4 liliniachia 10, nikabaki nalo, juu yake nikaweka EVA ya 30 yenye unene wa milimita 3. Unga huo ni wa franga chache tu, na umenitumikia kuliko maneno ya watu wote.

Siku ya kwanza vaa saa moja au mbili, kisha ongeza saa moja kila siku. Misuli kuchoka mwanzoni ni kawaida. Lakini upinde ukikuuma mahali pamoja kila siku, angalia kwanza kama kilele cha ganda hakijakaa mbele mno, kabla ya kulilaumu kwa ugumu. Na kisigino cha kiatu kikiendelea kuegemea ndani, semele ni laini mno. Zikilowa mvua, zikauke kivulini. Mbabula (jiko la makaa) inalegeza plastiki na umbo linapotea.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asijaribu hata moja kati ya haya peke yake. Yeye ganda linaweza kumkata asisikie. Apimwe hospitalini, apewe povu laini la tabaka kadhaa, na akague nyayo zake kila jioni, hata katikati ya vidole.