London kwa mada moja moja

Jumapili, usiku

Leo nimewaona watu wazima wamechuchumaa barabarani, wamezunguka kifuniko cha chuma, wanasikiliza mfereji. Nami nilikuwa mmoja wao. Mahali penyewe ni Ray Street, Clerkenwell, mbele ya baa, na chini ya zile nondo unapita mto uitwao Fleet. Magari yakitulia kidogo unausikia ukikimbia. Mto mzima! Zamani mashua zilipanda humo. Kisha wachinjaji na wenye vyoo wakaugeuza jaa, na kuanzia karne ya 18 watu wa London wakaufunika kipande kwa kipande, mpaka sasa ni njia ya majitaka na hakuna anayeukumbuka isipokuwa sisi wa kuchuchumaa.

Ilikuwa ziara ya kutembea kwa miguu, ya mada moja tu, na mada ya leo ilikuwa mito iliyozikwa. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alitukataza kutazama majengo. Alitaka tutazame mteremko tu. Basi tukaishuka Farringdon tukichunguza wapi barabara inapinda bila sababu, na jinsi vichochoro vya kulia na vya kushoto vyote vinavyoteremkia katikati. Tulipofika Holborn Viaduct mambo yakajipanga yenyewe. Lile ni daraja la chuma lenye madoido mengi, lilifunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1869, na chini yake hakuna tone la maji, ni magari tu. Nimepita hapo mara nyingi bila kujiuliza linavuka nini. Linavuka bonde, na bonde ni kazi ya Fleet. Matembezi yaliishia Blackfriars, ambako mto unatokea chini ya daraja na kumwagika Thames kimyakimya, kama mtu anayeingia harusini kwa mlango wa nyuma.

Njiani tulikatiza Ludgate Circus. Mwezi uliopita nilisimama papo hapo, lakini mada ilikuwa moto mkubwa wa 1666, ule ulioanzia katika tanuri la mwoka mikate wa Pudding Lane. Siku ile sote tulikuwa tumeinua shingo kulitazama kuba la St Paul's, kanisa ambalo Christopher Wren alilijenga upya baada ya lile la zamani kuungua. Leo kuba lilikuwepo palepale na hakuna aliyeligeukia. Hilo ndilo ninalolipenda katika ziara hizi. Mji wa ukubwa huu hauonekani wote, na anayejaribu kuuona wote huishia kuona foleni. Mada inakupa ruhusa ya kupuuza. Unapita mbele ya kitu mashuhuri bila kukipa salamu, na dhamiri haikusuti.

Ila mada lazima iwe na swali ndani yake. Ziara ninayoisifia kila mtu ni ile ya kipindupindu, Soho. Mwishoni mwa Agosti 1854 watu walianza kufa mtaa wa Broad Street, ambao siku hizi unaitwa Broadwick, na hadi balaa lilipotulia walikuwa wameshakufa zaidi ya 600 mtaani hapo na jirani zake. Wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza mnachota wapi, na majibu yakawa yanaelekea kwenye pampu moja. Tulisimama mbele ya pampu ya mfano iliyowekwa hapo, haina mpini, kwa sababu mpini ndio ulioondolewa tarehe 8 Septemba kwa ushauri wa Snow.

Kilichonishika si mpini, ni wale ambao hawakuugua. Palikuwa na kiwanda cha bia mtaa huohuo, na wafanyakazi wake walinusurika kwa kuwa walipewa bia na hawakuwa na haja na maji ya pampu. Halafu kuna mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa, akafa kwa kipindupindu. Kumbe aliyapenda maji ya Broad Street hata akawa analetewa kila siku. Baadaye kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alimpinga Snow, ndiye aliyegundua kwamba maji ya nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa kwenye karo lililokuwa karibu mno na kisima. Yote haya unayasikia ukiwa umesimama kati ya meza za mikahawa, watu wakipita na mifuko ya manunuzi. Hapohapo karibu na pampu ipo baa yenye jina la John Snow. Yeye mwenyewe kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakugusa pombe.

Ziara ya Whitechapel, ile ya muuaji wa wanawake wa 1888 aitwaye Jack the Ripper, sirudii. Makundi yanasukumana kwenye kona zilezile usiku, mwongozaji anaigiza kisu, watu wanacheka. Tulifika Mitre Square na jina la Catherine Eddowes, aliyeuawa hapo, lilitajwa haraka kuliko upana wa jeraha lake. Muuaji asiyejulikana ndiye nyota, na wanawake waliojulikana kwa majina na kwa ndugu zao wamefanywa vituo vya njia. Niliondoka kabla ya mwisho.

Sasa nina mada yangu ambayo sijaona anayeiuza. Pale Pimlico, namba 95 Cambridge Street, kuna kibao cha bluu kinachosema Jomo Kenyatta aliishi humo 1933 hadi 1937. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1929, ametumwa na Kikuyu Central Association, chama cha Wakikuyu, kupeleka malalamiko ya ardhi kwa Wizara ya Makoloni, iliyokuwa katika lile jengo kubwa kati ya Downing Street na King Charles Street. Baadaye akasoma anthropolojia London School of Economics, Houghton Street, chini ya Bronisław Malinowski. Na Lancaster House, jirani na Green Park, ndiko mikutano ya katiba ya Kenya ilikofanyika kati ya 1960 na 1963.

Nimeitandaza ramani mezani na tatizo ni mpangilio. Nikifuata miguu, nitatoka Pimlico na kufika Lancaster House mapema, yaani uhuru unakaribia kabla malalamiko hayajapokelewa. Nikifuata miaka, naanzia King Charles Street, nashuka Pimlico, napanda tena hadi Houghton Street, kisha narudi magharibi kuitafuta Lancaster House; nusu ya njia ni kurudia nilikotoka. Rafiki yangu anayetaka kufuatana nami anasema tuchague njia fupi, historia tutaipanga wenyewe kichwani. Nimemwambia tutafuata miaka, na avae viatu vya kutembelea.